Mzee Alois Hajafa, Yuko Kilosa

Jamani, acheni kulia. Nimeteremka kwenye lori jana, sijatua hata mzigo, nikakuta akina mama wamejaa uani kwa Mzee Alois, mkewe Mama Severini kakaa mkekani na kitambaa kichwani. Nauliza kuna nini, shangazi yangu ananikazia macho: "Mmeondoka wanne mmerudi watatu, halafu unatuuliza sisi?" Nikasema hajafa. Hakuna aliyeniamini. Na siwalaumu, maana mimi nikisema nimevua kambale mrefu kama mtumbwi, nyie hukata katikati, mkakata tena, ndipo mnampata kambale mwenyewe.

Ndiyo maana leo nimeazima kalamu kwa katekista. Herufi nilizipata kwake zamani kwenye mafundisho ya komunyo, shule nyingine sijaiona, na mkono huu umezoea kafi, kwa hiyo mistari ikipinda geuzeni kichwa. Nimeandika ili msomeane, kanisani na kilabuni, nisiulizwe tena na kila ninayekutana naye. Chumvi nitatia, safari bila chumvi haishuki kooni. Ila la Mzee Alois sikuongeza hata punje.

Kivukoni, kabla ya safari

Wenyeji mnatujua, lakini barua hii inaweza kufika Mahenge, basi nianze na mizizi.

Sisi tulikuwa wapiga kafi. Tulivusha mizigo ya wenye maduka, mto Kilombero, ng'ambo hii na ile. Mtumbwi mzito hauendi kwa nguvu tu, unaenda kwa wimbo, wote mchote maji kwa pamoja. Ngoma hatukuwa nayo kwa sababu moja ya kijinga: mikono yote ina kafi, ngoma atapiga nani? Kiboko? Basi ngoma nikawa mimi. Nilipiga kwa midomo, tum-tu-tum, mpaka mashavu yakawa magumu kama ngozi. Longino ndiye mwanzishaji, maneno yote yalitoka kwake. Bakari alishika sauti ya juu, sauti nyembamba inayoweza kumnyoa mtu ndevu. Na chini kabisa, Mzee Alois. Akifungua kinywa, maji ya mtungini yanatikisika nyumba ya tatu.

Wenye mizigo wakaanza kutuchagua. Mitumbwi mingine inakaa mitupu, watu wanatungoja sisi juani. Kisha mtu wa Idete akatuita tuimbe kwenye arusi ya binti yake, nchi kavu. Tukasimama mbele ya watu, aibu, bwana wee! Wimbo haukutoka. Mikono haina kazi, inaning'inia kama samaki wa kukaushwa. Longino akasema, "Kaeni." Tukakaa juu ya gogo, mmoja nyuma ya mwingine, tukaanza kuvuta hewa kama tunavuta maji. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Halafu Mzee Alois akaingia na sauti yake, kicheko kikakatika.

Tangu siku hiyo hatukurudi kwenye kafi. Tukawa tunakula kwa midomo, nasema kweli, mchele, kuku, vitenge vya wake zetu, vyote kwa kuimba. Idete, Mngeta, mpaka milimani Mahenge. Watu wenye magitaa wakatucheka, wakatuita Midomo Mitupu. Tukalichukua jina, tukalivaa.

Sasa msikie na hili, maana ndilo lililotuponza. Zamani, bado tukiwa mtoni, kiboko aliutupa mtumbwi wetu juu kama ungo. Wote tuliogelea, Mzee Alois hakuonekana. Tukamtafuta, tukakata tamaa, matanga yakakaliwa. Na nyie mnajua desturi ya wapiga kafi: mto ukimchukua mtu, sauti yake haiimbwi na mwingine. Mkifika mahali pake wimboni mnavuta kafi kimya, mnapita, mnaendelea. Mpaka mzee wa mtumbwi achukue kafi ya marehemu aikabidhi kwa mwingine mbele ya watu, ndipo ile nafasi inafungwa. Sisi hatukufika huko. Mzee Alois alitokea mwenyewe kwenye matanga yake, kasukumwa na maji mbali sana, katembea matopeni, akauliza, "Nani kafa?" Mpishi alimwaga chungu.

Mwanawe wa pekee, Severini, aliyekulia mtumbwini mwetu, hakuwepo. Alikuwa ameandikishwa kwenda kukata mkonge. Na kutoka huko mkonge, kimya. Mkataba uliisha, hakurudi. Miaka ikapita, Mama Severini akaacha kumtaja, ila kila lori likiingia alikuwa anatoka nje.

Kisha akapita pale kivukoni bwana mmoja mwenye mashine ya kukamata sauti. Akatusikia, akatutaka tumfuate Morogoro, atutie kwenye santuri. Sisi watatu tukaruka kama panzi. Mzee Alois aliuliza swali moja tu:

"Hiyo santuri inafika kwenye makambi ya mkonge?"

"Inafika kila penye duka," bwana akamjibu.

"Basi naenda. Liko sikio moja nalitafuta."

Ifakara mpaka Kidatu

Lori lilikuwa la mchele. Dereva, Mhehe mmoja mwenye maneno makali kama wembe, akatuangalia.

"Mnaitwa waimbaji? Vyombo viko wapi? Vyombo ni mzigo, na mzigo una bei yake."

Bakari akafungua kinywa chote. "Hivi hapa. Pima."

Dereva akachungulia ndani. "Hiki chombo kibovu. Meno mawili hakuna."

Tukapanda juu ya magunia. Barabara siielezi, mliopita mnaijua. Baada ya Kiberege matope yalikuwa yanafika kwenye masikio ya lori, na lori halina hata masikio. Likazama, likagoma. Abiria wakashuka kusukuma, kila mtu na wakati wake, huyu anasukuma, yule anapumua. Mzee Alois akasema, "Huu si mtumbwi huu?" Tukajipanga ubavuni, Longino akaanzisha wimbo wetu wa kuvukia, mimi nikapiga midomo, na kila sauti ya chini ilipokuja, "Vuta, wee, vuta," watu wote wakasukuma mara moja. Lori likatoka kama jino. Dereva alishika kichwa. Toka hapo akatuita wajomba, na kila dimbwi akawa anageuka kutuangalia kwa matumaini.

Kidatu tukakwama. Mto Ruaha umejaa, maji mekundu yanabeba miti mizima na majani yake, hakuna kuvuka. Tukakaa mpaka tukawajua mbuzi wa pale kwa majina. Mbu wa Kidatu usiseme. Mmoja alitua begani, nikadhani ni njiwa. Mama mmoja muuza chakula akawa anatulisha ugali na perege wa kukaanga, nasi tunamwimbia, vidole vikinuka samaki mpaka usingizini.

Kila aliyekuja kutoka upande wa mkonge, Mzee Alois alimwendea. "Tumsifu Yesu Kristo. Samahani, baba, humjui Severini, mtu wa Ifakara, ana kovu kidevuni?" Na kila mmoja akasema akina Severini huko ni wengi kama nzige. Mmoja akamwambia, "Mzee, mtu akipotelea mkonge, ama ameoa, ama amezikwa." Mzee Alois akamshukuru kwa adabu, akarudi, perege hakumgusa tena. Nilikula mimi.

Mikumi

Maji yakashuka, tukavuka, tukaingia pori la Mikumi. Hapo ndipo niliposhtuka mshtuko wa kwanza, na nilidhani ndio mkubwa. Tembo kasimama katikati ya barabara. Siyo mmoja, ukoo mzima, na wakwe zao. Dereva akazima gari, akanong'ona, "Wajomba, msipumue." Bakari kwa hofu akatoa sauti yake ile nyembamba, haikuwa wimbo, ilitoka yenyewe. Tembo mkubwa akatanua masikio, akasogea mpaka nikaona nywele za kope zake. Akatusikiliza, nasema kweli, kisha akageuka akaondoka na jamaa zake polepole kama watu waliochoshwa na mahubiri.

Dereva akamwambia Bakari, "Mjomba, wewe umefukuza hata tembo, huko Morogoro nani atabaki?"

Tulicheka mpaka Kilosa. Mzee Alois tu hakucheka. Alikuwa ameyaona mashamba ya mkonge, yale majani kama mikuki, safu kwa safu mpaka mwisho wa macho. Akasema, "Kumbe ni pakubwa hivi." Nikaona mabegani mwake kwamba ile hesabu ya sikio moja imeanza kumshinda.

Kilosa, Jumapili

Treni ya Morogoro ilikuwa bado, tukaenda gulioni kutafuta chakula. Watu wa makambi wamefurika, Jumapili yao. Tunanunua ndizi za kuchoma, Longino kaacha kutafuna. Kainua kidole.

"Mnasikia?"

Nikasikia. Wimbo wetu! Wimbo wetu wa kuvukia, maneno ya Longino yale yale, huko Kilosa ambako mto upo lakini mtumbwi hakuna! Bila ngoma, bila gitaa, midomo mitupu. Na mtu anapiga tum-tu-tum kwa mashavu, vibaya, kanikera zaidi huyo.

"Wezi!" Longino akasema. "Nyimbo zetu zimeibwa, jamani!" Akaupenya umati kwa viwiko, sisi nyuma yake, ndizi mkononi, tayari kwa ugomvi.

Katikati wamekaa wanaume watano chini, mmoja nyuma ya mwingine, wanavuta hewa kama wanavuta maji. Mwanzishaji wao yuko mbele kabisa, ametupa mgongo. Longino akapanua kinywa amtukane. Wakafika mahali pa sauti ya chini, pale pa "Vuta, wee, vuta."

Wakanyamaza.

Mikono ikavuta, mdomo hakuna. Wakapita, wakaendelea na ubeti. Gulio lote halikuona kitu. Sisi wanne tulikauka. Longino kinywa chake kilibaki wazi, tusi limegandia ndani. Mwizi wa wimbo huiba maneno, huiba na sauti. Mwizi gani anaiba kimya? Ile nafasi wanaiacha wapiga kafi tu, na wanaiacha kwa mtu aliyechukuliwa na mto. Ndani ya wimbo ule nafasi ile ilikuwa na mwenyewe mmoja tu duniani, na mwenyewe alikuwa nyuma yangu ameshika ndizi.

Nikageuka kumtazama. Sijui kama alikuwa ameelewa. Nadhani mwili ulielewa kabla yake. Ubeti wa pili ukafika, nafasi ikafunguka, mikono ikavuta kimya, na Mzee Alois, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaingia.

"Vuta, wee, vuta."

Jamani! Wale watano walitawanyika kama kuku walioona kipanga. Mmoja alipita juu ya kapu la nyanya, mwingine chini ya meza ya muuza sabuni. Watu wa gulioni walikimbia bila kujua wanakimbia nini, mimi mwenyewe nilipiga hatua kadhaa ndipo nikakumbuka Mzee Alois ni wetu. Alibaki mmoja, yule mwanzishaji. Hakukimbia. Alikuwa amejifunika kichwa kwa mikono, hakugeuka.

"Baba," akasema, "nisamehe. Kafi yako sinayo, ningeikabidhi kwa nani huku? Nafasi yako sijampa mtu. Nimeitunza, baba. Usinichukue."

Mzee Alois midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona amekosa sauti. Ikatoka mwisho, imepasuka:

"Geuka, mpumbavu wewe! Mzimu gani ana matope ya Kidatu miguuni?"

Yule mtu akatazama miguu kwanza. Akaitazama muda mrefu. Kisha akapandisha macho kidogo kidogo, na alipofika usoni nikaona kovu la kidevuni. Akaanguka. Namaanisha alikuwa amekaa, lakini akaanguka.

Kwa Severini

Mkewe, mwanamke wa Kikaguru, ndiye peke yake aliyekuwa na akili siku hiyo. Alitukuta mlangoni, mumewe tumemshikilia huku na huku, akaambiwa huyu ni baba mkwe, yule wa kwenye wimbo. Akamwangalia Mzee Alois juu mpaka chini, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Karibu. Kwa marehemu, umenenepa."

Tukacheka, na kwenye kicheko hicho tukapata kukaa.

Habari yenyewe ni fupi na ni mbaya. Mgeni mmoja alipita Ifakara siku zile za matanga, akalia na sisi, akala na sisi, akaondoka asubuhi kabla Mzee Alois hajatokea matopeni. Akafika mkonge, akampa Severini pole. Hakudanganya. Alileta habari nusu tu. Severini akafanya matanga peke yake kambini, kisha akasema moyoni, mtoto wa pekee asiyemzika baba yake anarudi kwa mama na uso gani? Akaandika mkataba mwingine. Na mwingine. Akawafundisha wenzake wimbo, Jumapili wakawa wanaimba, na nafasi ya baba yake akaiacha wazi miaka yote, maana hakuna mzee wa mtumbwi wa kuja kuifunga.

Mzee Alois alisikiliza yote akila kisamvu. Alipomaliza akanawa, akasema, "Haya. Tuimbe."

Tukajipanga uani, Severini mbele. Akaanzisha vizuri, sauti tamu kuliko ya Longino, Longino mwenyewe alikubali kwa kununa. Tukafika mahali pale. Mzee Alois akaingia. Severini akakatika kama kamba. Kashika kifua, anahema, macho yamemtoka.

"Tena," akasema baba yake.

Tukaanza tena. Akakatika pale pale. Anajua baba yuko nyuma yake, anamsikia akikohoa, anasikia harufu ya tumbaku yake, lakini ile sauti ikiingia tu kwenye ile nafasi, mwili wote unaruka. Nimeshtuka na tembo, nimeshtuka gulioni, lakini kumwona mtu mzima anaogopa sauti ya baba yake anayempenda, hilo lilinishtua mpaka nikashindwa kutania. Na mnajua mimi hata kwenye mazishi utani hunitoka.

Asubuhi treni ikapiga honi. Longino akachukua mfuko.

"Mzee, twende. Mashine inatungoja."

"Nendeni."

"Nendeni vipi? Bila wewe sisi ni mbu watatu!"

"Longino, mimi nilipanda lori ili mwanangu anisikie. Amenisikia, akaanguka. Sasa nimwache chini nikaimbie mashine?"

Longino akatangulia kituoni. Tulipanda treni watatu.

Morogoro

Treni ni nyumba iliyoshikwa na wazimu, hilo nitawasimulia kwa mdomo. Bwana wa mashine alitukaribisha vizuri, akatuweka chumbani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Tukakaa chini kama mtumbwini, tukaimba. Mahali pa Mzee Alois nikajaribu mimi. Nilitoa sauti ya ng'ombe aliyekanyagwa. Bwana akainua mkono tuache.

Longino akasema, "Tuiache wazi."

"Mbona unaiacha wazi, mtu hajafa?" Bakari akauliza.

"Hajafa. Kwa hiyo nani hapa ana haki ya kumkalia?"

Tukaimba na nafasi. Kisha bwana akaizungusha mashine, ikaturudishia sauti zetu, na hapo wote tulisimama. Nilimsikia Longino, nikamsikia Bakari, na mtu mwingine mjinga anapiga midomo. Nikauliza, "Huyu nani?" Wakaniambia, "Wewe." Sikubali mpaka leo. Ikafika mahali pa Mzee Alois. Nilidhani kutakuwa kimya. Hapana. Mashine ilikuwa imekamata pumzi zetu, watu watatu wanahema, wanamngoja mtu.

Bwana akatikisa kichwa. "Kuna shimo hapa. Watu wakinunua santuri watarudisha, watasema mbovu. Huyo mtu wenu yuko wapi?"

"Kilosa."

"Mgonjwa?"

"Yeye mzima," Bakari akasema. "Mwanawe ndiye bado."

Akatutazama, akazima mashine. Akasema akipita tena bonde letu, akitukuta wanne, tutaanza upya. Hivyo santuri msiulize dukani, haipo.

Kilosa tena

Tulipita kumchukua. Tulijua atakuwa tayari, kwao Mama Severini anangoja. Tukamkuta uani, amevaa kaptula ya mwanawe, na Severini ametoka kazini mikono imechubuliwa na mkonge. Walikuwa wanaimba. Tukasimama nje ya ua tusiwakatize. Severini akaanzisha, ubeti wa kwanza ukaja, baba akaingia, na Severini hakukatika. Alitetemeka, jasho likamtoka, akapita! Bakari akanishika mkono mpaka ukauma. Ubeti wa pili, baba akaingia, Severini akakatika.

"Leo umevuka mmoja," Mzee Alois akasema. "Pumzika."

Mkewe akawaletea maji, akatuona sisi, akatuita ndani kwa kelele. Nikamwambia Mzee Alois lori linaondoka saa ile, na wimbo una beti nyingi, na nyumbani watatuuliza.

"Mwambieni mama yake nimempata, anakula vizuri, ana mke mwenye ulimi," akasema. "Tutakuja wote watatu."

"Lini, mzee?"

Alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa anakunywa maji na kikombe kinagonga meno.

"Sirudi mpaka amalize kushtuka."

Tukapanda juu ya lori. Dereva alikuwa yule yule, akauliza mbona wajomba wamepungua. Akawasha gari, na kabla mngurumo haujafunika kila kitu, tukamsikia Severini, kule uani, anaanzisha tena kutoka mwanzo.